Kocha Apimwe kwa Alichopewa

Hotuba hii ilitolewa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mbele ya viongozi wa vilabu, makocha na mashabiki wa soka wa West Nile. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, makocha, makatibu na waweka hazina wa vilabu, akina mama mnaofua jezi na kupika chakula cha wachezaji bila majina yenu kuandikwa popote, na ninyi vijana mliokuja kwa miguu na kwa boda boda: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila mtu katika ukumbi huu anaamini kwamba analijua vizuri kuliko jirani yake. Msimu umekwisha, na katika wiki chache zijazo kamati zenu zitakaa kuamua hatima ya makocha. Swali litakaloulizwa nalijua, kwa sababu nimeketi katika vikao hivyo kwa miaka mingi nikiwa mshika vitabu vya fedha: abaki au aondoke? Mimi nasema kwamba swali hilo huulizwa mapema mno. Kabla yake kuna swali jingine ambalo kamati nyingi hulikwepa, kwa sababu jibu lake huwarudia wao wenyewe. Kocha huyu tulimpa nini?

Nianze na kocha ambaye nusu yenu mnamheshimu na nusu nyingine mlikuwa mkimtukana kila Jumamosi jioni kwenye vibanda vya video. Arsène Wenger alifika Arsenal mwaka 1996. Alitwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 1998, 2002 na 2004, na ule wa mwisho aliutwaa bila kufungwa mechi hata moja ya ligi. Kisha klabu ikajenga uwanja mpya uliogharimu takriban pauni milioni 390, ikahamia humo mwaka 2006, na tangu hapo kila dirisha la usajili lilipofunguliwa, hesabu za uwanja zilifunguliwa pamoja nalo. Wakati huo huo Chelsea ilikuwa mikononi mwa Roman Abramovich tangu 2003, na mwaka 2008 Manchester City ikapata wamiliki kutoka Abu Dhabi. Wenger akawa anawalea wachezaji, na wengine wanawachukua. Thierry Henry aliondoka 2007, Cesc Fàbregas na Samir Nasri wakaondoka 2011, na mwaka 2012 Robin van Persie akauzwa kwa Manchester United, ambao aliwafungia mabao yaliyowapa ubingwa msimu uliofuata. Mwezi Agosti 2011 Arsenal ilifungwa 8 kwa 2 na Manchester United kule Old Trafford. Wapo humu ndani ambao siku ile walizima simu, nami siwataji.

Tangu Kombe la FA la 2005 hadi lile la 2014, kabati la Arsenal halikuongezewa kitu. Je, kocha alikuwa ameshindwa? Aliyehesabu makombe alisema ndiyo. Aliyehesabu fedha aliona jambo tofauti kabisa: katika miaka yote hiyo ya deni na ya kuuza nahodha baada ya nahodha, timu haikutoka hata mara moja nje ya nafasi nne za juu, na ukihesabu tangu msimu wake wa kwanza kamili hadi 2016, hiyo ilikuwa misimu 19 mfululizo. Kazi aliyopewa na waajiri wake katika kipindi hicho ilikuwa kuibakiza timu katika Ligi ya Mabingwa wa Ulaya ili uwanja ulipike. Kazi hiyo aliifanya.

Lakini ndugu zangu, msinipigie makofi haraka, kwa maana hadithi ina upande wa pili. Mwaka 2013 klabu ilimnunua Mesut Özil kwa zaidi ya pauni milioni 40, na mwaka uliofuata ikamleta Alexis Sánchez. Kamba ilikuwa imelegezwa. Kuanzia hapo kipimo kilipaswa kubadilika, na timu ilipomaliza ya tano mwaka 2017 na ya sita mwaka 2018, kocha hakuweza tena kusimama nyuma ya deni la uwanja. Ni mtu yule yule, katika klabu ile ile, mwenye vipimo viwili tofauti. Udhuru wa fedha una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kamati makini huziandika zote mbili.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wachumi wa michezo wamelithibitisha jambo hilo kwa namna yao, kwa kulinganisha mishahara ya vilabu vya Uingereza na nafasi zao kwenye msimamo wa ligi kwa miaka mingi. Walikuta kwamba mishahara peke yake inaeleza sehemu kubwa sana ya tofauti kati ya wa juu na wa chini, kuliko hata fedha zinazotumika kununua wachezaji. Maana yake ni kwamba kabla kipenga hakijapulizwa mwezi Agosti, daftari la mishahara limekwisha kukuonyesha takriban mahali ambapo kila timu itamaliza. Kazi ya kocha ni ile tofauti inayobaki. Aliyetarajiwa kuwa wa kumi akamaliza wa saba amefanya kazi kubwa, hata kama hakuna aliyembeba mabegani. Aliyetarajiwa kuwa wa kwanza akamaliza wa pili ana maswali ya kujibu, hata kama ana medali shingoni.

Mtaniambia kwamba huku kwetu hakuna klabu inayotangaza mishahara yake, na ni kweli. Hata hivyo, sote tunajua mengi kuliko tunavyokiri. Tunajua ni klabu gani inawalipa wachezaji kila mwezi na ni ipi inawalipa nauli ya mazoezi tu. Tunajua nani amesajili mchezaji aliyetoka Ligi Kuu na nani amejazia kikosi kwa wanafunzi ambao wakati wa mitihani hawapatikani. Tunajua nani ana basi lake na nani anakodi kosta asubuhi ya mechi. Katibu na mweka hazina wakiketi jioni moja, wanaweza kuzipanga klabu zote za ligi yao kwa uwezo, kuanzia yenye nacho hadi isiyo nacho, na wakakosea kidogo sana.

Tena uwezo wenyewe hutegemea unacheza na nani. Itazameni Vipers, klabu ya Kitende karibu na Kampala. Nyumbani hakuna anayeihurumia: ina uwanja wake, ina mwenye klabu anayejulikana, na huchukua mataji. Mwezi Oktoba 2022, chini ya Mbrazili Roberto Oliveira, iliitoa TP Mazembe kwa penalti kule Lubumbashi, ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwezi Januari 2023 Simba ya Dar es Salaam ikamchukua kocha huyo. Mwezi Februari, mbele ya Raja kule Casablanca, Vipers ikafungwa 5 kwa 0. Tajiri wa Kitende alikuwa maskini wa Casablanca, na kumpima kocha kwa mechi ile kana kwamba amefungwa 5 na jirani wa mtaa wa pili kungekuwa dhuluma.

Klabu iliachana upesi na kocha mgeni aliyefuata, ikamkabidhi timu mzalendo Alex Isabirye, naye akamaliza msimu na ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la Uganda. Najua tayari kuna mwenyekiti mmoja humu anayesema moyoni: "Unaona? Ukifukuza, unashinda." Ngoja kidogo, mheshimiwa. Isabirye alistahili sifa zake, na hakuna atakayemnyang'anya. Ila kikosi kile kilikuwa miongoni mwa vile bora zaidi nchini kabla yake, na hapo ndipo penye mtego. Mchumi wa Kiholanzi, Bas ter Weel, aliuchunguza mtego huo katika ligi ya kwao kwa misimu ya kati ya 1986 na 2004. Alizilinganisha timu zilizofukuza makocha baada ya matokeo mabaya na timu zilizopata matokeo mabaya kama hayo lakini zikawabakiza makocha wao. Unafikiri alikuta nini? Zile zilizofukuza ziliinuka, na zile zilizobakiza ziliinuka vilevile. Timu inayopoteza mechi kadhaa mfululizo chini ya uwezo wake hurudi kwenye uwezo wake, na yule anayekuwa kwenye benchi siku hiyo ndiye anayepigiwa ngoma.

Kwa sababu hiyo hiyo, nawaonya wale wanaopenda kutaja Leicester. Ndiyo, mwaka 2016 kocha wao Claudio Ranieri aliwapita matajiri wote wa Uingereza akatwaa ubingwa. Lakini nyota wake Riyad Mahrez na Jamie Vardy aliwakuta klabuni, walikuwa wamekwisha kununuliwa kwa bei ndogo na watu wenye jicho la kuona vipaji. Miezi tisa baada ya ubingwa, Ranieri naye alifukuzwa. Msimu mmoja ni ushahidi mdogo kwa pande zote mbili, wa sifa na wa lawama.

Sasa nifike mahali ambapo makocha mliopo humu hamtanipenda.

Umaskini ni udhuru wa mambo fulani, na si udhuru wa mambo yote. Nitawapa mfano wa klabu moja iliyokuwa daraja la pili wakati nilipokuwa nikiishikia vitabu, nayo sitaitaja kwa jina. Timu ilikuwa inafungwa katika robo saa ya mwisho, mechi baada ya mechi. Kamati ilisema kocha hajui kuwapa vijana pumzi. Kocha alisema vijana wanakula mlo mmoja na wanasafiri usiku kucha. Mtawezaje kudai pumzi? Kila upande ulikuwa na hakika, kila upande ulikuwa na kelele, na hakuna aliyekuwa na karatasi. Mimi nilikuwa nazo, kwa sababu stakabadhi za usafiri zilikuwa kwangu.

Nilichukua stakabadhi hizo nikaziweka kando ya matokeo. Mnaijua barabara yetu: kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na ukiwa na mechi Jinja au Mbarara bado hujafika. Zile mechi za ugenini ambazo tulipata fedha za kulala huko usiku mmoja, vijana walistahimili hadi kipenga cha mwisho, hata pale walipofungwa. Zile ambazo walishuka kwenye gari saa nne asubuhi na kuingia uwanjani saa kumi jioni, mabao yalikuja mwishoni kana kwamba yameagizwa. Hapo kocha alikuwa na haki. Mabao yale yalikuwa yetu sisi kamati, tena mengi ningeweza kuyaandika kwa mkono wangu, kwa maana mimi ndiye niliyekataa kulipia nyumba ya wageni.

Lakini nikafungua upande wa mechi za nyumbani. Nyumbani hakuna basi la usiku. Nyumbani vijana walilala kwenye vitanda vyao na kula kwa mama zao, na bado tulifungwa robo saa ya mwisho. Nikauliza mazoezi yanaanza saa ngapi. Ratiba ilisema saa kumi na mbili asubuhi. Vijana walisema mazoezi yanaanza kocha anapofika. Nikauliza kwa nini wachezaji wa akiba huingizwa dakika ya themanini na tano, wakati waliomo uwanjani wameanza kushika magoti tangu dakika ya sabini. Sikupewa jibu, na swali hilo halikuhitaji shilingi hata moja kulijibu.

Mechi zilikuwa chache, siwezi kuapa juu ya kila bao. Hata hivyo, mmeona jinsi tatizo moja lilivyogawanyika mara mbili? Ugonjwa ulikuwa ule ule, lakini ugenini mwenye kosa alikuwa mweka hazina na nyumbani mwenye kosa alikuwa kocha. Kama tungemfukuza siku ile, anayekuja angepanda kosta ile ile saa ile ile. Kama tungemsamehe kila kitu kwa sababu ya umaskini, angeendelea kuchelewa mazoezini.

Kwa hiyo, ndugu makocha, nani atawanunulia kushika wakati? Kupanga ukuta wa mpira wa adhabu kunagharimu kiasi gani? Kumfundisha beki asimvute jezi mshambuliaji ndani ya eneo la hatari, kumjua kijana wa kupiga kona na kijana wa kuiruka, kumjua mpinzani kwa kumtuma mtu mmoja akamtazame akicheza wiki moja kabla: haya yote yako mikononi mwa kocha wa timu isiyo na kitu, na kwa kweli ndiyo silaha yake pekee. Nikitaka kumpima kocha maskini, kwanza hutazama mabao anayofungwa kwa mipira iliyosimama, yaani kona na mipira ya adhabu, na kadi nyekundu za utovu wa nidhamu. Hayo humwonyesha upesi kuliko msimamo wa ligi.

Kisha hutazama vijana. Mike Mutebi alipokuwa kocha wa KCCA ya Kampala alishinda ligi mwaka 2016, 2017 na 2019, akaifikisha timu hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2018, ambako waliifunga Al Ahly ya Misri 2 kwa 0, na mwaka 2019 akarudi na Kombe la Kagame, lile la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati, kutoka Kigali. Msiniambie KCCA ni maskini. Kwa viwango vya Uganda si maskini hata kidogo. Lakini mbele ya Al Ahly ilikuwa haina kitu, na Mutebi alichagua kuwachezesha vijana wadogo wakati wengine walikuwa wakiwanunua wakubwa. Mapema mwaka 2020 Allan Okello akaenda Paradou ya Algeria, na mwaka huo huo Mustafa Kizza akaenda Montreal. Kocha anayekuachia mchezaji wa kuuzwa amekuingizia fedha ambazo hukumpa, na fedha hizo hazionekani kwenye pointi. Nauliza tena: ni kamati ngapi humu zinazoandika jambo hilo upande wa mapato ya kocha? Tunaandika tulichopoteza kwa sare ya Jumapili. Kijana wa miaka 17 ambaye kocha alimpa mechi kumi hatumwandiki popote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, limebaki jambo la waajiri, na hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu linauma. Milutin Sredojević, ambaye sote tunamwita Micho, aliipeleka Cranes, timu yetu ya taifa, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2017, mara ya kwanza tangu 1978. Kule Gabon tulifungwa bao moja na Ghana, bao moja na Misri, tukatoka sare na Mali. Ukitazama pointi moja, utasema tulishindwa. Ukitazama miaka yote tuliyokaa nje, utasema mengine. Mwezi Julai mwaka huo huo aliondoka, akilalamikia mishahara ambayo hakulipwa. Mwajiri asiyelipa ana mizani gani ya kumpimia mtu? Na aliporudi kwa awamu ya pili, uwanja wetu wa taifa wa Namboole ulikuwa haukidhi masharti ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwa hiyo mwezi Machi 2023 mechi yetu ya "nyumbani" dhidi ya Tanzania tuliichezea Ismailia, nchini Misri, tukafungwa 1 kwa 0. Siku nne baadaye, ugenini Dar es Salaam, tukashinda 1 kwa 0. Katika takwimu za kocha, ile ya Ismailia imeandikwa kuwa amefungwa nyumbani. Mwezi Septemba aliachishwa kazi. Simtetei kwa kila kitu, alikuwa na makosa yake ya uteuzi, na mengine nilipiga kelele juu yake kama ninyi. Nasema tu kwamba mwenye kusoma takwimu ile bila kujua uwanja ulikuwa wapi amesoma uongo.

Basi niombe jambo moja la vitendo. Kabla ya mechi ya kwanza ya msimu ujao, kila klabu iandike karatasi moja, isainiwe na mwenyekiti, mweka hazina na kocha. Iandike kocha amepewa wachezaji wangapi wanaolipwa, watalipwa tarehe ngapi, ni safari zipi zitakuwa na malazi na zipi hazitakuwa nayo, mipira mingapi, uwanja gani wa mazoezi na kwa siku zipi. Iandike kamati yenyewe, kwa kuzilinganisha klabu kwa uwezo, inaamini timu itamaliza nafasi ya ngapi. Upande wa pili kocha aandike anachoahidi katika mambo yasiyo na bei: mahudhurio, nidhamu, mabao ya kona, vijana atakaowapandisha. Katikati ya msimu karatasi ifunguliwe mara moja, na mwisho wa msimu ifunguliwe mara ya pili. Kama fedha ziliyeyuka mwezi Desemba, jambo hilo liandikwe mwezi Desemba, lisingoje kukumbukwa siku ya kumfukuza mtu. Na kama mfadhili alikuja katikati ya msimu na mabunda yake, hilo nalo liandikwe, na matarajio yapandishwe siku hiyo hiyo.

Najua wenyeviti hawaipendi sehemu ya mweka hazina kusaini. Mimi nimekuwa mweka hazina, nami sikuipenda wakati ule. Lakini bila sahihi hiyo karatasi ni ya kocha peke yake, na karatasi ya mtu mmoja mnaijua mwisho wake.

Nakala za karatasi hiyo nimeziacha kwa katibu wa mkutano, pale mezani karibu na mlango, na kuiiga kwa mkono si dhambi zikiisha. Mwenyekiti ameniambia tuna muda wa maswali hadi adhana ya alasiri, kwa hiyo nianze na kocha yule wa safu ya nyuma, ambaye mkono wake uko juu tangu nilipotaja saa ya kuanza mazoezi.